Jina la Mtoto wa Tatu

Kutoka Kasongo hadi Goma nilitumia siku kumi na moja. Tatu kati ya hizo nilizimaliza Kamituga, tukingoja kipuri cha kamio, lori letu, ambacho dereva aliapa kuwa kiko njiani. Dereva alikuwa mjomba wangu, na ndiye aliyenifundisha kwamba mtu akiapa mara mbili kwa siku moja juu ya kitu kimoja, kitu hicho hakijaondoka popote. Tulikuwa tumepakia mchele na mafuta ya mawese. Baada ya Mwenga mvua ilitukuta milimani, barabara ikawa uji. Tulishuka, tukakata matawi, tukayatandika chini ya magurudumu, tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena. Bukavu mjomba akaniacha bandarini na furushi la mchele na neno moja: "Ukifika, usirudi kesho yake kama kawaida yako." Nikapanda meli ya ziwani, upande wa mbele walikowekwa watu weusi pamoja na kabichi na mbuzi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilisoma miaka minne ya sekondari kwa Mapadri, ingawa nyumba yetu ilikuwa ya Wangwana na baba alikuwa mtu wa msikitini. Mapadri walinitilia shaka kwa sababu ya baba, na baba alinitilia shaka kwa sababu ya Mapadri. Nadhani ndiyo maana sikuwahi kujua kukaa mahali. Sasa nimepita arobaini, nimelala katika miji mingi, na bado nikisikia harufu ya mawese yanayochemka nakuwa mtoto wa Kasongo kwa muda wa pumzi mbili.

Goma wakati ule ulikuwa mji mdogo mweusi. Mawe ya mlima yalikuwa kila mahali, makali kama chupa iliyovunjika. Viatu vyangu havikumaliza mwezi. Wabelgiji walikaa kando ya ziwa penye maua na hoteli. Sisi tulikaa juu, na maji ya kunywa wanawake waliyateka ziwani wakayapandisha kichwani. Nilipanga chumba katika lupango moja, ua lenye vyumba vya wapangaji, kwenye njia ya kwenda Katindo. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja Mnande kutoka Lubero, mjane, aliyeuza maharagwe na vitunguu. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe ni mungwana?"

"Ndiyo, mama."

"Na unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi nitafunga mulango yangu mara mbili."

Alicheka, lakini mlango aliufunga kweli.

Kazi niliipata kwa karani wa posta. Aliniambia kuna madaktari wawili wanatafuta mtu wa kuandika na kutafsiri. Mtu mgeni, asiye wa kabila lolote la pale, ili asipendelee. Mmoja alikuwa Mbelgiji mnene, mtu wa serikali, ambayo sisi tuliiita Leta. Wa pili alikuwa mwanamke mwembamba kutoka nchi ya Waswidi. Nchi zao zilikuwa zimekubaliana kuchunguza kwa pamoja uzazi wa wanawake wa Kivu: wangapi wanazaa, wangapi hawazai, mimba ngapi zinaharibika, watoto wangapi wanakufa kabla ya kutembea, na kama ugonjwa unaotoka kwa mume ndio unaofunga tumbo. Walikuja na mizani, sindano, chupa za damu, na sanduku la kadi ngumu ambazo waliziita fishi.

Neno "kwa pamoja" sikuliamini hata siku moja, maana niliwaona karibu. Kila fishi niliiandika mara mbili. Nakala moja iliingia katika sanduku la chuma la Mbelgiji, na ufunguo aliuvaa kiunoni. Ya pili iliingia katika mkoba wa ngozi wa yule mama, na mkoba haukutoka mkononi mwake hata wakati wa kula. Mbelgiji aliniuliza pembeni, "Anaandika nini katika kile kidaftari chake?" Mama yule naye aliniuliza, kwa Kifaransa chake cha kujikwaa, kama ni kweli kwamba hesabu za Mbelgiji zinapelekwa kwa wenye migodi na mashamba, wanaotaka kujua vibarua watazaliwa wangapi. Wote wawili niliwajibu kwamba sijui. Wote wawili hawakuniamini.

Wanawake nao hawakutuamini sisi watatu. Tulianza Kibati, kwenye njia ya kaskazini. Mama wa kwanza aliketi kwenye benchi la kanisa, mtoto mgongoni, wengine wawili wakimshika kitenge. Nikamuuliza amezaa watoto wangapi.

"Mungu anajua."

"Hawa ni wako?"

"Unaona ni ya nani?"

"Basi tuseme watatu?"

Alisimama kama mtu aliyetukanwa. Mama mwingine aliyekuwa nyuma akapaza sauti: "Karani, mama yako alikuhesabu wewe? Alisema, nina kichwa kimoja, kichwa mbili, kama mbuzi ya soko?" Benchi zima likacheka. Mbelgiji akataka nimtafsirie. Nikamwambia kwamba mama anasema hakumbuki vizuri.

Ilikuwa hivyo wiki nzima. Mtu wa pale hahesabu watoto wake kwa mdomo, na waliokufa ndiyo kabisa. Ukihesabu walio hai unamwonyesha mwenye kuchukua kwamba bado wapo. Ukihesabu waliokufa unawaita. Juu ya hapo watu walisema kwamba damu inauzwa, kwamba sindano inafunga tumbo, kwamba Leta inataka kodi ya kila mtoto. Mimi mwenyewe, niliyezibeba zile chupa, sikuwa na hakika kwamba wanadanganya.

Ufunguo wa jambo hili nilipewa jikoni kwa mama mwenye nyumba, nami sikuuomba. Tulikuwa tunachambua maharagwe mchana mmoja wa Jumapili. Nikamuuliza kwa nini katika nyumba za Wanande majina ya watoto ni yaleyale, kila lupango.

"Kwa sababu si majina ya kuchagua," akasema. "Mutoto wa kwanza wa mama ana jina yake, wa pili ana yake, wa tatu vilevile. Ya wavulana mbali, ya wasichana mbali. Ukisikia jina, unajua alitoka wa ngapi."

"Na kama mmoja amekufa?"

"Anaenda na jina yake. Anayefuata hachukui nafasi yake." Akapuliza maganda. "Sisi hatuhesabu, kijana. Majina inahesabu."

Nakiri kwamba nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Kuanzia kesho yake sikumuuliza Mnande yeyote amezaa wangapi. Niliuliza tu, kwa sauti ya mgeni mwema, "Watoto wako wanaitwa nani, mama?" Wakayataja majina kwa furaha, maana jina la mtoto ni kitu kizuri kukitaja. Mimi nikaangalia orodha niliyoandika ndani ya jalada la daftari. Kama mkubwa aliye hai alikuwa na jina la tatu, niliandika kwamba wawili wamekufa. Kama baada ya wa nne alikuja mwenye jina la sita, niliandika mmoja tena. Fishi zikajaa. Mbelgiji alinipiga begani, akanipa koti lake la mvua la zamani. Mama wa Kiswidi aliuliza nimewezaje. Nikajibu kwamba wameanza kunizoea. Nilipenda kuwa mtu mwenye siri.

Katika lupango yetu, chumba cha tatu kutoka changu, alikaa mke mmoja kijana, Mnande pia. Mume wake alikuwa mtu wa Rutshuru, wa Kinyarwanda, Mkristo wa kila Jumapili, mpishi katika hoteli moja ya ziwani. Walifunga ndoa kanisani. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike wa kama miaka mitatu, mnene, mwenye kelele. Nilipomhoji mama huyu alinijibu kabla sijamaliza swali.

"Nimezaa mara moja."

Ningepaswa kushtuka. Kati ya wanawake wote wa Kivu, huyu peke yake alinipa namba. Mimi niliona tu kwamba jina la yule mtoto mnene, kwenye orodha yangu, ni jina la msichana wa tatu. Nikaandika: mimba tatu, wawili wamekufa, mmoja yu hai. Nikaona nimemshinda.

Mwisho wa mwezi wetu wa pili wa kazi Mbelgiji alitangaza jambo jipya. Leta imeagiza kwamba kabla ya fishi kwenda Ulaya, kila mume aitwe, asomewe fishi ya mke wake mbele ya mashahidi, na aweke dole gumba, ili kesho asiseme mke wake aliandikiwa uongo. Mama wa Kiswidi alikasirika mpaka shingo ikawa nyekundu. Alisema mambo ya tumbo la mwanamke ni ya mwanamke. Mbelgiji alijibu kwamba katika koloni hii mwanamke ana mume, na kwamba mgeni akitaka kubadilisha sheria aanze na nchi yake. Nilisimama kati yao nikiangalia dirishani.

Siku hiyo nilimweleza mama mwenye nyumba habari hiyo kwa kicheko, kama hadithi ya wazungu wawili. Alikuwa anakoroga ugali. Mwiko ukasimama.

"Uliandika kwa majina?"

"Ndiyo, mama. Ulinifundisha mwenyewe."

"Nilikufundisha?" Akanitazama sana. "Na ya yule wa chumba cha tatu, uliandika vilevile?"

Aliacha ugali motoni, akatoka, akarudi na yule mke kijana, akafunga mlango wa jiko.

Yule mke kijana alinieleza kwa maneno machache, akiangalia majivu. Aliwahi kuolewa Lubero kabla. Alizaa wawili, wa kike wote, wakafa, wa pili hakumaliza wiki. Watu wa mume wakasema tumbo lake ni kaburi. Wakarudishiwa mbuzi wao wa mahari, naye akarudi kwa mama yake. Alipofika Goma kuuza vitunguu, yule mpishi akampenda. Hakumwambia. Mama yake mpishi, kule Rutshuru, tangu mwanzo hakutaka mwanamke Mnande, na alikuwa anatafuta sababu moja tu. "Akisikia kwamba nilikuwa bibi ya mutu mwingine, na kwamba nazaa ya kufa, atasema nilimudanganya mutoto yake mbele ya Padri. Watanifukuza. Mutoto watabaki naye, ni wao."

"Lakini jina," nikasema. "Kwa nini hukumpa jina la wa kwanza?"

Ndipo akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Na wale wawili ningewatupa wapi?"

Mume hakujua Kinande. Alifikiri ni jina la bibi mzaa mama. Wanande wote wa Goma walilisikia jina lile na kuelewa, na hakuna hata mmoja aliyesema. Ilibidi aje mungwana wa Kasongo, mwenye kalamu.

"Futa," akasema.

Nakala moja ningeweza kujaribu kuifuta, lakini zilikuwa mbili, na kila moja ililindwa dhidi ya mwenye nyingine. Nikafikiri: yule mama wa Kiswidi alipigana kwa ajili ya wanawake, nimesikia kwa masikio yangu. Nikamwendea asubuhi kwenye veranda ya nyumba ya wageni, nikamweleza yote, isipokuwa chumba cha ngapi. Nikamwomba akubali kwamba fishi moja ina kosa, naye amweleze mwenzake hivyo.

Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Huyu mwanamke ni nani kwako?"

"Jirani."

"Jirani tu?"

"Jirani tu, mama."

Akafungua mkoba, akatoa rundo la fishi, akaliweka mezani. "Umeandika ngapi namna hii? Kwa majina?"

Nilipomwambia, uso wake ulizeeka. Alisema amekuja kutoka mbali ili ajue kwa nini watoto wanakufa, labda waache kufa. Kwamba akikubali kufuta moja kwa siri, Mbelgiji akigundua atasema Waswidi wamechezea hesabu. Kwamba sasa hawezi kuiamini hata moja. Hakuwa mtu mbaya. Mpaka leo naamini hivyo, nikiwa na shaka kidogo. Kabla ya saa sita Mbelgiji alikuwa anajua, na kabla ya jioni polisi walikuwa wanazunguka wakiwaambia Wanande wote walioandikwa wafike Jumatatu, wake na waume, waulizwe upya kuhusu majina.

Nilikuwa nimekwenda kuzima moto, nikaupelekea mafuta.

Mama mwenye nyumba hakunigombeza. Alinisikiliza, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda sokoni, ingawa siku ile haikuwa zamu yake. Jumamosi nilimwona akipita lupango moja baada ya nyingine na kikapu chepesi. Kwenye njia ya maji niliwakuta wanawake sita wamesimama na ndoo. Nilipokaribia wakaanza kusema habari ya bei ya chumvi.

Jumatatu waliketi kwenye mabenchi, wake mbele, waume nyuma. Yule mpishi alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Mama mwenye nyumba, mjane, aliitwa kwanza. Kwa kila mama Mbelgiji alisoma kwanza kwa sauti namba ya fishi yake, kisha akauliza, nami nikatafsiri: jina la mtoto wako mkubwa lina maana gani?

"Ni jina ya babu yake."

"Si namba? Si kwamba ni wa ngapi?"

"Namba?" Akawageukia wenzake. "Jamani, muzungu anauliza kama jina ni namba!"

Kicheko. Akaja wa pili: jina ni la mama aliyemzalisha. Wa tatu: bwana wangu alilipenda. Wa nne: aliota ndotoni. Wa tano alikuwa mzee, hana meno mbele. "Muulize daktari," akaniambia, "jina yake yeye inahesabu nini? Alitoka wa ngapi? Na wale wa kabla yake walikufa na nini?" Nilitafsiri nusu. Hakuna aliyeangalia upande wangu, na hakuna aliyekosea. Waume wa Kinande, ambao kila mmoja alijua vizuri ni wa ngapi kwa mama yake, waliangalia kofia zao.

Kisha akaitwa yule mke kijana, na namba ya fishi yake ikasomwa: tatu. Alisimama na mtoto kiunoni.

"Ni jina ya bibi yangu, mzaa mama. Niko na huyu moja tu."

Mpishi hakuwa anamwangalia mke wake. Alikuwa ananiangalia mimi.

Mbelgiji aligeuka polepole. "Karani. Nani alikwambia habari ya majina?"

Niliona mwiko uliosimama kwenye ugali. Niliona pia, na hili nalisema kwa sababu nimejificha nalo miaka mingi, kwamba kile ninachotaka kukisema kitamfanya yule mama wa Kiswidi arudi kwao bila kujua, na kwamba wale wawili wa Lubero, na wengine wa mabenchi yale, hawataandikwa na mtu yeyote.

"Hakuna aliyeniambia," nikasema. "Walikataa kuhesabu. Nilibuni ili kazi iishe."

Nilisema kwa Kifaransa. Mbelgiji akaniamuru niseme na kwa Kiswahili, wote wasikie. Nikasema. Mama wa Kiswidi akasogea karibu, akauliza kwa Kiswahili chake kidogo, "Kweli?"

"Kweli, mama."

Alijua. Nilimwona akijua. Akafunga mkoba.

Koti la mvua nilirudisha papo hapo. Karatasi yangu ya kukaa Goma ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya kazi ile, kwa hiyo ilikufa nayo. Nikapewa siku mbili kuondoka mjini. Nilipokuwa nafunga furushi, mama mwenye nyumba aliniletea maharagwe yaliyochemshwa, yamefungwa katika jani la mgomba. Nilitegemea neno la shukrani, sitaficha.

"Hukutusaidia kitu," akasema. "Ulirudisha tu kile ulichochukua." Kisha akaongeza, "Lakini ulirudisha." Akaenda zake sokoni.

Yule mke kijana sikumwona tena. Nilisikia tu mtoto wake akipiga sufuria ndani ya chumba cha tatu.

Karatasi ilisema nirudi Kasongo. Mimi nilitafuta kamio ya kwenda Rutshuru, na kutoka pale hadi mpaka wa nchi ya Waingereza. Dereva alikuwa anafunga turubai juu ya magunia alipofika mpishi, na aproni yake ya kazi bado shingoni. Alikuwa ametembea haraka.

"Karani, nakuuliza kitu moja, sitarudia."

"Uliza, papa."

"Ile namba uliyoandika kwangu. Tatu. Ulibuni?"

"Nilibuni."

"Kwa wengine uliandika tano, sita, nane. Kwangu, mwenye mutoto moja, uliandika tatu. Kwa nini si mbili? Kwa nini si ine?"

Nikasema kwamba mtu anayebuni anaandika kinachokuja mkononi.

Alikunja aproni yake, akaikunjua. Mama yake alikaa Rutshuru, kilomita sabini mbele, na kamio ingepita karibu na mlango wake.

"Utashuka Rutshuru?" akauliza.

"Sishuki. Napita."

"Usishuke," akasema. "Ukimuona mutu yangu yeyote, wewe hunijui."

Dereva akapiga honi. Nilipanda juu ya magunia, na nilipogeuka alikuwa tayari anateremka kuelekea ziwani, kazini kwake, bila kuangalia nyuma. Rutshuru tulipita mchana. Dereva alisimama kununua ndizi. Mimi nikalala kwenye magunia, nikajifunika turubai mpaka kichwani, hadi niliposikia injini inawaka tena.